Kaka, Chekeche Halipimi Uzito

Kaka yangu mpendwa,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa sababu Mama alitufundisha kuanza barua hivyo. Usilitie moyoni.

Unakumbuka mwaka ule wa foleni za sukari, ulipomtoa Mama kijijini Mbulumbulu akae kwako Karatu? Akavimba uso na miguu, nawe ukachinja kondoo na kuita majirani waone unavyomtunza. "Mama kanenepa kwangu," ulisema, ukimgeuzageuza kama ndama wa mnadani. Kumbe alikuwa anajaa maji. Ukimbonyeza mguu, shimo lilibaki.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali, kwa kuwa mkojo wake ulitoa povu. Ulikuja baadaye, ukakaa umekunja nne huku daktari akitueleza taratibu. Figo linapochuja damu halitazami ukubwa tu, hutazama na umbo. Chembe ndefu na laini hujipenyeza kwa kichwa. Protini ya damu, hata ikiwa na uzito uleule, imejikunja kama kitonge, na figo lenye afya huizuia. Ikijaa kwenye mkojo, chujio limeharibika.

"Mama abaki hapa," alisema.

Wewe, mwalimu wa sayansi, ulicheka. "Uzito ni uleule, daktari. Ikipita moja, na nyingine ipite. Ugonjwa uko wapi hapo?" Ukamrudisha nyumbani, ukamwongezea mafuta ya kondoo.

Hivi hukulelewa na sisi? Kila mavuno tulichekecha ngano uani. Mbegu za magugu, ndefu nyembamba, zilisimama wima zikapita. Njegere iliyoangukia humo ilibaki ikizunguka, nawe ukaidokoa ukaila. Mama akisema, "Chekeche halina mizani, wanangu." Ulilijua hilo kwa mikono yako, ukalisahau uliposhika chaki.

Tulimzika kabla mahindi hayajakomaa. Kaburini ukahutubia mpaka wazee wakaanza kukaa chini. Sikulia siku ile, maana hasira ilikuwa imekausha machozi. Nakudharau, Kaka, na sioni haya kusema.

Juzi wifi kaniambia kwamba viatu havikuingii tena, na walimu wenzako wanakusifu umenawiri. Nawe unafurahi, bila shaka.

Kojoa kwenye kopo. Ukiona povu lisilokatika, nenda hospitali kesho yake, na ukifika kwa daktari, nyamaza. Mdomo wako umeshaniulia Mama. Sitaki nikuzike na wewe.

Mdogo wako wa kike, uliyecheza naye uani