Jiko, tangi na bafu, vyote nyuma

Shoga, ati “itatulia barabarani”! Nimemwambia mume wangu hapa hapa uani: nyumba hii haiendi popote.

Si unajua tumeijenga wenyewe juu ya trela? Jiko, tangi la maji, bafu, vyote kaviweka nyuma, eti mbele pawe sebule.

Leo tumejaza tangi. Mama mkwe akaingia bafuni kukagua. Trela likanyanyuka pua juu! “Mwanangu, unanizika nikiwa hai?”

Naye anajibu nini? “Itatulia barabarani, mama.” Itatulia! Kesho aivute, na wanangu wako ndani ya gari. Mzigo ukiwa wote nyuma, trela litayumba na kuwapindua wote.

Nimefungua bomba, maji yote yako uani. Nimeshika mtaimbo, kabati la kwanza la jiko limeshang'oka, linahamia mbele. Yeye ameshika upande wa pili.