Pikipiki ya Kaka Yako na Hii Isiyo na Kelele

Mtaa wa Burumba,
Busia.
14 Mei, 2025.

Mpendwa shemeji Yahya,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Doha? Kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza Idi, natumaini kimekwisha. Kama bado, usiache tangawizi. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mvua imekuja vizuri na mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni.

Silali tena na taa ikiwaka. Nakuambia kwa sababu najua hutauliza, lakini unataka kujua.

Sasa ile pikipiki ya marehemu kaka yako Abdulnoor. Tangu nimalize eda, Methuselah wa Malaba, yule wa mashindano ya matope, amekuwa akiiomba. Ulinishauri nisiiachie kwa huzuni wala nisiizuie kwa huzuni. Niipime kwanza na hii mpya ya mwanetu Hanan, kisha nikuandikie kwa karatasi kama kaka yako alivyokuwa akikuandikia. Nimeipima.

Ya Abdulnoor injini yake ni ya mipigo miwili, unaijua. Nyepesi, hata mimi naweza kuisukuma. Ukiivuta inalala kidogo, halafu ghafla inaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Kwenye matope ya kupanda Angurai hakuna cha kuishinda, ikipata mikono ya kaka yako. Lakini Hanan hubeba chanjo za ng'ombe kwenye kisanduku cha barafu, na ikiruka chupa zinagongana. Mwezi wa tatu alifika kwa mzee Omagor akakuta chanjo zimemwagika, na ng'ombe wa kijiji kizima wamefungwa wanamngoja. Alirudi nyumbani akilia. Kuteremka ndiyo hatari zaidi, maana ukiachia mafuta injini haikushiki. Ni breki na dua.

Hii mpya ni ndogo, ya mipigo minne. Ikianguka ni nzito kuinua, na haina haraka. Inapanda polepole bila kurukaruka, na kuteremka injini yenyewe inaizuia. Petroli haili sana. Chupa hazijavunjika tena.

Cheka kidogo. Unajua ile ya zamani oili yake huchanganywa na petroli. Miaka yote hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipima kwa kifuniko cha chupa ya asali, Abdulnoor ameshika galoni. Basi Hanan alipoleta hii mpya, asubuhi akijiandaa kwenda kazini nikaijazia tangi, na oili nikatia, mpaka ukingoni mwa kifuniko kama baba yake alivyopenda. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilikwenda yenyewe.

Alifika Angurai pikipiki ikifuka moshi. Mzee Omagor akamwuliza, "Daktari, leo umekuja kuchanja ng'ombe ama kufukuza mbu?"

Kurudi tukaipeleka kwa fundi Omoding. Akachomoa plagi, nyeusi tititi. "Nani ametia oili kwa tangi? Hii yake inakaa huku chini kwa injini!" Akaniangalia, akacheka. "Mama Hanan, umempatia mtoto uji wa mwenzake!" Aliisafisha, akamwaga mafuta yale, haikudhurika.

Njiani Hanan akaniambia, "Mama, nilijua kuna kitu hakiko sawa, lakini sikusimama. Ule moshi ulinukia Baba."

Hapo ndipo nilipoona, shemeji. Mtoto wangu alikuwa akipanda mlima ule na kile chuma cha zamani kwa sababu ya harufu, na mimi nikimwachia kwa sababu ya sauti. Maana tangu enzi za baba yake nilikuwa nikiisikia ikikata kona ya sokoni, naweka chai, na ikifika mlangoni maji yanachemka.

Methuselah alikuja Ijumaa baada ya swala. Nilimpa ile ya zamani pamoja na kifuniko cha asali. "Mama, kuchanganya oili siwezi kusahau," akasema. Nikamwambia mimi ndiye niliyeshindwa kusahau. Akapiga kiki mara moja tu ikaitika. Nilisimama mlangoni mpaka sauti ikaishia upande wa Malaba. Sikulia, ila niliingia ndani nikajikuta nimeshika sufuria.

Jioni sikusikia mtu. Hii mpya haina kelele, Hanan hunikuta mara nyingi jiko limezimwa. Mara nikasikia pale kwenye kona, "Ngeee! Nge-nge-nge-ngeee!" Majirani wakatoka kuchungulia. Ni Hanan, mtu mzima, daktari wa ng'ombe, yuko juu ya pikipiki yake nyamavu akinguruma kwa mdomo.

Nikaweka chai. Tangu siku hiyo hufanya hivyo kila jioni, na Burumba nzima wameshazoea.

Msalimie Raisa, na mbusu Yasin mdogo kila shavu. Fundi Omoding anakusalimu, anasema uliondoka na spana yake. Mungu akulinde na joto la huko na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Ukikaribia kona ya sokoni, nguruma.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda na kukungoja,
Safia