Maziwa Yako Yalikuja, Wewe Hukuja

Kashaija, munywani wangu, ndugu yangu wa kuchanjiana damu,

Naandika nikiwa nimeegemea mto, ubao wa shule umelala juu ya magoti, kwa sababu siku hizi meza iko mbali kwangu. Mwandiko umepinda, utanisamehe.

Hapana. Nimeanza vibaya. Si mimi wa kuomba msamaha katika barua hii.

Ulipokufa kahawa ilikuwa imeanikwa uani. Nilisikia kilio kutoka upande wenu wa bonde, nikaitambua sauti ya mkeo Keihangwe kabla ya nyingine zote. Watu walipita hapa wakielekea kwenu, Wanyambo na Wahima, hata wenye maduka wa kutoka Bukoba wakiwa na kanzu zao safi. Walinihimiza, nikawaambia miguu inaniuma. Ni kweli inaniuma. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu anaweza kusema kweli tupu na bado akadanganya.

Nikupe habari za kwako kwanza, maana najua ndizo unazotaka. Mwanao Yohana amehamisha zizi karibu na barabara. Bihogo, yule ng'ombe wako mwekundu mwenye pembe pana, hajakubali. Jioni anarudi peke yake kwenye zizi la zamani, anasimama mlangoni akingoja mluzi wako. Yohana hujaribu kupiga mluzi kama wewe. Ng'ombe anamtazama tu.

Jana Yohana alikuja na mama yake. "Shikamoo, mwalimu," akasema, akaniwekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyopasa. Nilimwambia aketi, akabaki amesimama. Akasema, "Tumbo la baba lilivimba kabla hajafa. Bwana mganga wa zahanati anasema ni ini. Watu wanasema ni kiapo chenu." Kisha akaniuliza, macho yakiwa chini: "Mwalimu, baba alikukosea nini?"

Keihangwe alikuwa anatazama mlango.

Yohana anataka nimfungue kiapo hicho, yeye na wanawe, kwa kuwa kiapo cha damu hakifi na aliyekila, kinashuka kwa watoto. "Nina watoto wadogo watatu nyumbani, mwalimu. Kila mmoja akishika tumbo usiku silali." Nilimwambia anipe hadi kesho. Ndiyo maana nakuandikia leo. Kabla sijamjibu yeye nataka wewe ulisikie jibu langu.

Unakumbuka siku nilipofika Nyaishozi? Nilikuwa kijana kutoka Muleba, nimevaa viatu, nimetumwa na misheni kufundisha katekisimu na kusoma chini ya paa la nyasi. Ulikuja na fimbo yako begani, ukanizunguka kama mtu anayenunua ndama. "Huyu ndiye mwalimu? Mbona miguu ameifunga?" Nilikujibu kwamba kwetu tunafunga miguu, kwenu mnafunga ndama, kila mtu na anachoogopa kitatoroka. Ulicheka hadi ukakaa chini. Tangu hapo ukaniita Mla Ndizi, nami nikakuita Samli, kwa sababu harufu yako ilikuwa inafika kabla yako.

Mkeo alimletea mke wangu Anastazia maziwa, Anastazia akampa maharage na mkungu wa ndizi. Samadi ya zizi lako ilikuja kwenye migomba yangu, na nyasi za kuezekea nyumba yangu tulikata wote wawili kwenye mbuga zenu. Barua za chifu nilikusomea mimi. Ng'ombe alipokwama katika kuzaa niliitwa kushika taa, ingawa ulisema nashika taa kama mtu anayesubiri kuungama.

Halafu tukala kiapo. Leo nakiri mbele yako nilichokiri kwa padre juma lililopita: mimi niliyekuwa nawafundisha watoto kwamba jambo hilo ni la kipagani, nilijichanja chini ya kitovu kwa wembe wangu wa kunyolea, mbele ya baba yako. Tunda moja la kahawa, mbegu zake mbili. Moja ikapakwa damu yako nikaila mimi, nyingine damu yangu ukaila wewe. Padre alishtuka. Akaniuliza kama natubu. Nilimjibu kwamba ninachotubu ni kukila kwa moyo wote na mtu aliyekila kwa mdomo.

Maneno bado ninayo. Nikikunyima chakula, tumbo linivimbe. Nikisikia unasingiziwa nikanyamaza, tumbo linivimbe. Nikiitoa siri yako tungali wote wawili tunapumua, tumbo linivimbe. Baba yako alitutemea mate ya baraka, na tukanywa maziwa kwenye chombo kimoja.

Sasa moto.

Kiangazi kile mkungu, mkuu wetu wa kijiji, alikuwa amekataza kuchoma mbuga hadi mawingu yakusanyike. Ng'ombe wako walikuwa mifupa. Asubuhi hiyo mimi na wanafunzi tulichoma takataka za uwanja wa shule, tukamwagia maji, tukaingia darasani. Mchana nilipanda juu ya kichuguu kutafuta watoto waliotoroka, nikakuona kule chini, umeshika mwenge wa nyasi, unauburuta pembeni mwa mbuga ili nyasi mpya ziote upesi. Uliinua kichwa ukaniona. Tulitazamana. Ulinipungia mkono. Mimi nami nikakupungia.

Kisha upepo ukageuka.

Moto ulipanda hadi kwa bibi Nyamwiza. Nyumba yake, ghala yake, na kibanja chake chote cha migomba ambayo marehemu mumewe aliipanda. Tulimtoa akiwa ameshika kuku mmoja tu, hataki kumwachia. Wewe ulikuwapo. Ulibeba maji kuliko sisi wote.

Kwenye baraza mkungu aliuliza nani aliwasha moto. Watu walikuwa wameuona moshi wa shule asubuhi, na mimi nilikuwa mgeni, hata baada ya miaka yote ile. Mkungu akakugeukia: "Wewe unachunga upande ule. Ulimwona nani na moto?"

Ukasema, "Nilimwona mwalimu."

Hukuongopa, Kashaija. Uliniona kweli, ukipita asubuhi na ng'ombe ulinikuta na watoto na moto wetu. Uliipima kauli yako kama mtu anayepima ardhi kwa mguu kabla ya kukanyaga. Kisha ukaketi, ukaanza kung'oa nyasi moja moja mbele ya miguu yako.

Nilikuwa nakusubiri uongeze neno. Mkungu aliponiuliza nina la kujibu, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakusubiri, na kwa sababu nilikuwa nimekula mbegu yako. Nilijua siri yako na tulikuwa tungali tunapumua. Wewe ulijua kwamba sitasema. Hilo ndilo lililonikata. Kuogopa ningekuelewa, kila mtu anaogopa, na mkungu yule angekuchukulia ng'ombe. Lakini uliuchukua uaminifu wangu ukajifunika nao kama ngozi ya mvua.

Mkungu akatoa neno: nyumba ya mwalimu isipewe moto wala salamu, isialikwe kwenye pombe, isizikiwe. Kiberiti nilikuwa nacho, si moto wa jikoni uliotupungukia. Watoto darasani waliniamkia kwa kuogopa fimbo. Njiani walinipita kama kisiki. Hata Pastori mwenye duka, mtu wa kwetu Muleba, wa ukoo wangu, alikuwa ananiwekea chumvi juu ya jiwe nje ya duka. "Usinione vibaya, mwalimu," alininong'oneza, "nami nina wateja."

Ndipo Anastazia akaanza kukohoa.

Siku ya tatu au ya nne ya homa yake nilikuta kibuyu cha maziwa kwenye mlamula, ule mti tuliopanda kuonyesha mpaka wa shamba. Kifuniko chake kilisukwa kwa nyasi, pembe nyeusi na nyeupe. Ilikuwa kazi ya Keihangwe, hakuna mwanamke mwingine aliyesuka vile. Nilitaka kuyamwaga. Anastazia alikuwa ananitazama, nikampa. Asubuhi iliyofuata kilikuwapo kingine. Na kingine. Yeye alikunywa. Mimi sikuonja hata tone, na mpaka leo sijaonja maziwa ya zizi lako. Ulidhani nayakataa kwa sababu ya meno.

Anastazia hakujua habari ya mwenge. Sikumwambia hata yeye. Aliniuliza mara moja tu, "Huyu anayeleta maziwa, mwambie aingie aketi." Alipenda watu waketi. Nikamwambia nitakuambia. Sikukuambia. Ungejua mwenyewe bila kuambiwa, ungekuwa wewe.

Alikufa asubuhi, mvua ikinyesha. Padre alikuwa safarini upande wa Kyerwa. Kaburi lilichimbwa na Ndayizeye, Mrundi aliyekuja kuchuma kahawa na kulala kwenye ghala yangu, ambaye hakuwa na habari ya marufuku ya mtu yeyote. Alichimba peke yake, akatoka shimoni, akatazama migomba ya jirani zetu, moshi juu ya kila paa. "Mwalimu," akasema, "mbona mna watu wengi hivi na hamna wazikaji?"

Nilisoma sala mwenyewe. Tulimshusha sisi wawili, watoto wetu wakiwa bado wadogo, na nikateleza, na ubavu wa mke wangu ukagonga ukuta wa kaburi. Hilo sijamwambia mtu. Usiku huu ninaposinzia nausikia.

Niliporudi kuchukua jembe nilipita kwenye mlamula. Kibuyu kilikuwapo. Siku ya mazishi yake, Kashaija. Kilikuwa bado cha moto kutoka kwenye kiwele. Ulikuwa umefika hadi pale, hatua chache kutoka kaburini, ulitusikia tukifukia, ukaweka maziwa ukageuka. Maziwa yako yalikuja. Wewe hukuja.

Nimepumzika kidogo. Naendelea.

Mkungu yule alikufa, akaja mwingine aliyehitaji mtu wa kumwandikia. Salamu zikarudi moja moja, hakuna aliyesema tulikosea. Nawe ukaja, umevaa shuka mpya, ukasimama uani. "Habari za siku nyingi, Mla Ndizi." Kama mtu aliyetoka safari! Nami nikakujibu, "Nzuri, Samli." Tukaongea juu ya mvua. Tukaongea juu ya mvua hadi tukazeeka. Watu wakasema, tazameni wazee wale wanavyopendana. Basi nikuambie leo: kila nilipocheka nawe tangu siku ile, nilikuwa nakusubiri umalize ile sentensi uliyoianza kwenye baraza. Ulikuwa na jioni zote zile. Mara moja ulianza, ukasema, "Mwalimu, kile kiangazi..." kisha Bihogo akavuka mpaka ukakimbia kumrudisha. Ulikimbia upesi kuliko ilivyohitajika.

Ulipougua ulimtuma Yohana aniite. Nilijua unachotaka kusema. Sikuja. Nilitaka ujue mlango usiofunguliwa unafananaje. Tumbo lako sikulivimbisha mimi. Sikukulaani hata siku moja, na bwana mganga nadhani yuko sahihi juu ya ini. Lakini sikuja.

Sasa mmoja wetu hapumui. Kiapo kilisema tungali wote wawili tunapumua. Nimekitunza hadi mwisho wa maneno yake, peke yangu.

Kwa hiyo sikia nitakachofanya. Kesho nitambebesha Yohana kiti changu, anishike mkono hadi kwenye zizi lako la zamani. Nitamweleza habari ya mwenge, na ya baraza, na ya mlamula, mama yake akiwapo. Keihangwe anajua, mtu hasuki vifuniko vyote vile bila kujua vinakwenda wapi. Kijijini sitatangaza. Wajukuu zangu bado wanaitwa watoto wa moto na wenzao wakigombana, lakini kulitoa jina hilo ni kazi ya mwanao akitaka. Nataka awe mtu mzima wa kuchagua, kama wewe ulivyochagua. Akishasikia yote, akiwa bado anataka, tutatafuna kahawa mimi naye, nami nitamfungua yeye na wanawe. Sina ugomvi na watoto.

Nitamwomba mambo mawili. Kibanja cha bibi Nyamwiza, ambacho sasa analima mjukuu wake, hakijapona. Migomba yake ni myembamba kama vidole vyangu. Bihogo hataki zizi jipya. Basi akalale kule, samadi yake iingie kwenye udongo ulioungua. Na pili, nikifa, na si mbali, Yohana ndiye atakayenishusha kando ya Anastazia, na ashuke na mtu mwenye nguvu, nisigonge ukuta.

Wewe lala, Samli. Sijakusamehe, sitaki kukudanganya tena. Ila nakuahidi hili: kesho mwanao akinipa maziwa mkononi, mchana, akiwa ameketi, nitakunywa.

Mla Ndizi