Chaki kwenye Mpira wa Breki

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Ajali ya gari, njia ya Kilima cha Mnara
Anajulikana kwa jina la: Kamanda
Umri: Miaka 53
Kazi: Msimamizi wa lango, ghala la vifaa vya ujenzi
Elimu: Darasa la sita
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha mafuta, kwa dada yake
Yameandikwa na shahidi kwa mkono wake, kwa ombi lake mwenyewe.

Kwanza kabisa ieleweke kwamba katika mji huu hakuna gari lililowahi kupanda Kilima cha Mnara kabla mimi sijatoa kauli. Hawa wanaokwenda huko leo na magari yao marefu wanapita njia niliyoionyesha mimi, na siku nikiamua kunyamaza wengi wao hawatajua hata pa kugeuzia. Siandiki hivi kwa kujisifu. Naandika ili atakayesoma ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nilikuwa dereva wa wapima barabara miaka minne. Niliwahi kuvuta lori la kokoto kutoka mtoni kwa kamba ya katani na gari dogo, na lori lilipotoka lilitoka na samaki ndani ya injini, wazima, wanaruka.

Afande aliyeko hapa mezani amesoma mpaka hapo, akaniambia niandike mambo ya ajali tu. Nimemwelewa.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, siku ya Jumamosi, majira ya saa kumi jioni, nilikuwa nimekaa kibarazani na mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Wote watatu tunaishi nyumba moja. Yeye ni mkunga katika zahanati ya ng'ambo ya reli. Ana gari lake, lile la wastani la kubeba familia, lenye gia ya kuvutia tairi zote nne ambayo hajawahi kuigusa. Gari hilo humpeleka kazini kila siku, humpeleka mama yake kliniki ya macho, basi. Yalipita barabarani magari matano yaliyojaa matope mpaka juu ya vioo, yanatoka kilimani. Akayatazama mpaka yakaisha. Akasema ana miaka sita anauona ule mnara kutoka dirisha la chumba cha kuzalishia na hajui juu yake kuna nini.

Nilimwambia aniachie mimi. Nilisema gari lake linahitaji marekebisho kidogo tu, kisha nitampandisha huko akiwa amekaa kama yuko sebuleni. Alifikiri, akasema, "Sawa, Mjomba. Lakini gari hili ndilo linalonipeleka kazini. Usije ukanigeuzia likawa la maonyesho." Nikamjibu kwamba litakuwa lilelile, ila limerefuka miguu.

Mnamo tarehe 5, saa mbili asubuhi, nililipeleka gari kwa fundi tunayemwita Kimya, kwenye karakana ya mabati iliyoko mkabala na shule ya msingi. Anaitwa hivyo kwa sababu unaweza kumsimulia habari kuanzia asubuhi hadi adhana ya alasiri, naye akakujibu "mm". Nilimwambia aliinue gari inchi sita. Ndipo akafungua mdomo. Akaniuliza kama huyo mkunga atakuwa anapandia kwa ngazi. Wateja wengine walicheka, na mimi nikacheka ili isionekane ni mimi niliyechekwa. Akaamua mwenyewe inchi mbili. Alisema gari la kwenda kazini kila siku likizidi hapo linaanza kuyumba kwenye lami na kula vyuma vya usukani. Aliweka springi mpya na shokapu ndefu, tairi pana zenye meno, bati nene la kulinda tumbo la injini, na mipira mirefu ya breki kwa magurudumu yote.

Hiyo mipira ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo naieleza. Mafuta ya breki hufika kwenye gurudumu kwa kupitia mpira. Ukiinua gari, mpira wa zamani unakuwa mfupi, unavutika. Ukiweka mrefu na huku tairi ni pana, basi unapokata usukani mpaka mwisho tairi linaweza kuufikia mpira na kuulamba. Siku moja haina neno. Wiki nzima, tairi linautoboa.

Mnamo tarehe 7, saa tisa alasiri, kazi iliisha. Mpwa wangu alikuwa zamu. Nilikuwepo mimi. Fundi alitoa kipande cha chaki mfukoni, chaki hii ya shule, watoto humpa. Akalala chini akaupaka mpira wa mbele wa kushoto, kisha wa kulia, pande zote. Nathibitisha kwamba alipaka yote miwili na kwamba nilimwona. Akaamka, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema:

"Springi mpya hujikalia, gari litashuka kidogo. Litembeeni wiki moja. Kabla ya kupanda mlima, kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, ulale chini utazame. Chaki ikiwepo, nendeni. Ikiwa imefutika, nirudishie. Nausogeza mpira kwa dakika kumi."

Alitaka kumpigia simu mpwa wangu amwambie mwenyewe. Nilimzuia. Nilimwambia, "Niachie mimi. Nimelala chini ya magari mara nyingi kuliko nilivyolala kitandani." Akasema, "Mm."

Habari ya chaki nilimfikishia mpwa wangu jioni ileile. Nilimweleza vizuri, hata nikaongeza kwamba ni mbinu yangu.

Wiki ile gari lilienda kazini na kurudi bila tatizo. Alilipenda. Alisema sasa anaona juu ya ukuta wa zahanati, na kwamba mama mmoja aliyekuja kujifungua alimuuliza kama amepandishwa cheo. Mnamo tarehe 13, kwenye chakula cha jioni, alisema kuna sauti anaisikia akikata kona ya lango la zahanati, kama mtu anayefuta ubao. Nilimwambia tairi mpya zina maneno mengi, zitachoka zenyewe zinyamaze. Alicheka. Dada yangu akauliza kama isingekuwa vizuri kumwonyesha fundi. Nikamwambia, "Dada, fundi ninaye hapa, anakula." Wakacheka wote wawili.

Mnamo tarehe 17, siku ya Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, tulitoka nyumbani, yeye akiendesha, mimi nimekaa kushoto. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki na shati jeupe ambalo dada alinipigia pasi alfajiri. Saa mbili kamili tulifika kwenye uwanja wa malori ambako wenzetu hukutania. Yalikuwa magari matano pamoja na letu. Msafara unaongozwa na mama mmoja ambaye siku za kazi hung'oa watu meno, kwa hiyo wote tunamwita Daktari. Ana desturi ya kupita gari kwa gari akiuliza swali moja. Alipofika kwetu aliuliza, "Chini mmetazama?"

Mpwa wangu aliniangalia. Akauliza, "Mjomba, chaki ipo?"

Nilijibu, "Ipo. Nyeupe kama meno ya mtoto."

Akamgeukia Daktari, akamwambia kwamba mjomba wake amelala chini mwenyewe. Aliisema kwa fahari. Daktari akasema ahsante, Kamanda, kisha, kama afanyavyo kila safari, akatupanga mbele ya magari akatupiga picha.

Kupanda kulienda vizuri. Yapo mawe makubwa kama majokofu na yapo mashimo ambayo gurudumu moja linaning'inia hewani, na mpwa wangu aliyapita polepole kama nilivyomwelekeza. Nasahihisha. Kama Daktari alivyomwelekeza kwa mkono akiwa amesimama mbele. Saa nne na robo tulifika mnarani. Mpwa wangu alishuka akasimama ukingoni muda mrefu. Aliitafuta zahanati yake akaiona, paa moja dogo la bluu kando ya reli. Akasema, "Kumbe ni pale tu." Sikujua alikuwa na furaha au huzuni, na sikumuuliza. Nilikuwa nawasimulia wengine habari ya lori na samaki.

Tulianza kushuka saa tano kasoro dakika tano. Njia ya kushukia ina kona nyingi za kukata usukani mpaka mwisho. Ile sauti ya kufuta ubao niliisikia kila kona. Saa tano na dakika ishirini, kona ya tatu chini ya tangi la maji, alikanyaga breki na kanyagio likazama mpaka sakafuni. Akakanyaga tena. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjomba, breki hamna."

Mbele yetu, hatua kama ishirini, gari la Daktari lilikuwa limesimama likitusubiri, lina watu wawili ndani. Kushoto, upande wangu, ni bonde. Kulia, upande wake, ni ukuta wa udongo wenye mwamba. Mimi niliyemwahidi kwamba atakaa kama yuko sebuleni nilikunja miguu juu ya kiti. Nilishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili nikafumba macho. Yeye alivuta breki ya mkono, haikutosha, akakata kulia.

Mwamba uliingia mlangoni kwake. Mguu wake wa kulia ulivunjika juu ya goti ukabanwa. Watu walikuja mbio wakataka kumvuta, yeye ndiye aliyewaelekeza: wasimvute, walete ubao, wamfunge mguu kwanza. Alisema kama anavyosema na wanaojifungua, bila haraka. Kisha akaniuliza, "Mjomba, umeumia?"

Sikuwa na hata mkwaruzo.

Tulimfikisha hospitali saa nane na robo mchana. Saa kumi na moja alikuja askari kuchukua habari. Mpwa wangu alikuwa ameshachomwa sindano ya maumivu lakini alisema wazi. Alisema mjomba wake alikagua asubuhi na chaki ilikuwepo, kwa hiyo kama mpira umepasuka ni fundi aliufunga vibaya. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda nimeshika viatu vyake. Askari aliniangalia kama nina la kuongeza. Sikuongeza.

Kwa maneno yale fundi alikamatwa jana, Jumapili, akiwa karakanani. Nimeambiwa mpira wa kulia umekutwa na chaki, na wa kushoto umepasuka mahali pasipo na chaki, na kwamba hilo limechukuliwa kuwa fundi hakuupaka wala kuufunga sawasawa.

Leo asubuhi daktari wa mifupa amesema mpwa wangu atakaa miezi bila kusimama, na akisimama huenda mguu huo ukawa mfupi. Kazi ya mkunga ni ya kusimama. Nilipokuwa natoka wodini alinishika mkono, akaniambia nisijilaumu, nilifanya sehemu yangu.

Saa nne leo nimefika hapa kituoni. Ili uje kwenye chumba hiki unapita mbele ya mahabusu. Fundi Kimya amekaa sakafuni, hana mkanda wala kamba za viatu, grisi bado iko kwenye kucha. Alinitazama. Akasema, "Mzee, uliangalia?"

Nilimwambia nimekuja kumtoa, nikapita. Hilo siyo jibu la alichouliza.

Sasa narudi mwanzo kusahihisha. Pale nilipoandika dereva wa wapima barabara, nilikuwa mshika fito. Wao walipima, mimi nilisimama mbali na fito nikielekezwa kwa mkono kulia au kushoto. Lori la kokoto lilivutwa na trekta, mimi nilikuwa ng'ambo. Samaki sikuwaona. Njia ya kilimani sikumwonyesha mtu, waliokuwa wakienda kurekebisha mnara ndio walioilima. Naomba maandishi ya kule juu yasifutwe, yabaki, ila yasomwe pamoja na haya.

Afande amenionyesha picha ya uwanja wa malori ili nitaje waliomo. Nimewataja. Hajaniuliza jambo jingine juu ya picha hiyo, naliandika mwenyewe. Wenzangu wote wanatazama mbele. Mimi nimegeuka, nimeunyooshea kidole mnara, kwa hiyo mgongo wangu wote unaonekana. Shati ni jeupe kuanzia kolani hadi mkandani, na mikunjo ya pasi ipo. Uwanja ule ni vumbi na oili iliyomwagwa miaka na miaka. Mtu aliyelala pale haamki na mgongo kama ule.

Pale uwanjani, kabla Daktari hajatufikia, nilichuchumaa kando ya gurudumu la kushoto. Niliona giza. Sikulala chini, kwa sababu nilijua tutapigwa picha na sikutaka kuchafua shati.

Nimeandika haya kwa hiari, karatasi tatu, bila kusaidiwa neno.

(Sahihi ya shahidi)

Maelezo haya yameandikwa na shahidi mbele yangu leo tarehe 19, kuanzia saa nne na dakika ishirini hadi saa saba kasoro robo mchana. Nilimtaka ayasome kwa sauti kabla ya kutia sahihi, akayasoma. Alipofika karatasi ya tatu aliomba mlango wa chumba ufunguliwe, akasoma iliyobaki akiwa amesimama mlangoni, ameelekea upande wa mahabusu.

(Sahihi ya afisa)