Kisu cha Akika Nilichokirudisha

Ijumaa, Kibiti. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, na sasa jua limetoka na ardhi yote inafuka mvuke. Nimekaa kwenye duka la kompyuta, naandika haya mtandaoni. Jenereta inanguruma nje mpaka meza inatetemeka.

Kazini niliomba ruhusa ya kwenda kwenye akika. Akika ya mtoto wa nyumba ninayopanga inafanyika Chumbi saa hizi. Mimi niko huku.

Naitwa Juma, kwetu Kondoa. Shule niliishia darasa la sita. Nimebangua korosho kiwandani mpaka kiwanda kikauzwa na mnunuzi akakigeuza ghala. Nimebeba matenga ya kamba wabichi kule Salale, nikaondoka maana harufu ilinifuata mpaka usingizini. Sasa ni kibarua wa barabara. Tunatandaza kokoto, tunamwaga lami, jioni mgongo unakataa kunyooka.

Hapa hakuna anayenijua, kwa hiyo nitasema.

Siamini kwamba kuna Mungu. Na sili kiumbe chochote, wala kinachotoka kwa kiumbe. Si nyama, si samaki, si yai, si maziwa, si asali. Hata miguuni navaa katambuga za tairi, kwa kuwa ngozi ilikuwa na mwenyewe.

Nimeandika, na paa halijaanguka.

Hakuna aliyenifundisha. Zamani nilisafiri na ng'ombe kwenye lori kutoka kwetu kuwapeleka mnadani. Njiani kulikuwa na baridi kali, nikajibanza katikati ya madume wawili, wakanitia joto hadi kulipokucha. Tuliwashusha wakauzwa, nami nikaenda kwa mama ntilie kunywa supu kama kawaida. Bakuli lilikuja linafuka. Sikuweza. Nilidhani ni uchovu, kwamba kesho yake ningekula. Kesho hiyo haijafika.

Mungu yeye aliondoka bila ugomvi. Sikufiwa, sikuugua, sikumkasirikia. Siku moja niko kwenye sijida nikahisi kwamba naongea na mkeka. Nilingoja hali ile ipite. Haikupita.

Watu husema asiyemwogopa Mungu hana kinachomzuia. Mimi kinanizuia kitu kidogo tu: nikiona mwenzangu anaogopa, awe mtu au mnyama, nami naogopa naye. Sijui jina la mtu wa namna hii. Labda lipo, ila si la darasa la sita.

Sasa mambo ya Chumbi.

Nimepanga chumba kwa Bi Somoe, mjane, anaishi na binti yake Zena. Siku ya kwanza aliniletea wali na kambale wa nazi. Nikasema sili. Akaniangalia kwa upole, akauliza, "Una mwiko, mwanangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipojifunga. Huku mtu akiwa na mwiko wa mganga hahojiwi. Bi Somoe alinipikia kisamvu changu mbali, akamkataza Zena kukikoroga kwa mwiko wa samaki. Akanilea kama mgonjwa anayeendelea vizuri. Na kila Ijumaa nilikwenda msikitini, nikisimama mstari wa nyuma, kwa ajili ya macho ya watu. Niliona ni uongo usiomgharimu mtu.

Kisha Zena akajifungua mtoto wa kiume. Mbuzi wa akika akaletwa, akafungwa kwenye mpapai nje ya dirisha langu. Wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Nikitoka kazini alikuwa akinilamba mkono kwa ajili ya chumvi ya jasho.

Baba wa mtoto yuko Salale kwa wanunuzi wa kamba, hawezi kutoka. Kaka yake Bi Somoe alipooza mkono. Basi juzi Bi Somoe akanijia na kisu, kimenolewa na kuzungushiwa kipande cha kanga.

"Mwanamume wa nyumba hii ni wewe," akasema. "Tena msikitini hukosi. Utamchinjia mjukuu wangu."

Nikasema, mama, mwiko wangu.

Akacheka. "Mwiko wako wa kula. Nimeshamuuliza kaka, kuchinja si kula. Wee hata mchuzi usiuonje."

Nilikipokea kisu. Mikono yangu ilikipokea.

Jana kazini nilimweleza Tumaini, Mkinga tunayesukuma naye toroli. Kwake ilikuwa kichekesho. "We Mrangi bwana! Sema bismillahi yako, kata, nawa mikono. Mbuzi atakwenda kukushtaki mahakama gani?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ila kokoto zote nilizotandaza jana sikuziona.

Maana si mbuzi tu. Maneno nayaweza, niliyasoma madrasa, yangetoka safi. Lakini Bi Somoe anaamini kwamba nyama inakuwa halali kwa maneno ya mtu anayeyaamini. Mimi ningewalisha kibudu, yeye, Zena na mtaa mzima, juu ya kichwa cha mtoto wa siku saba. Nao wangenishukuru.

Jana alasiri nilimkuta uani anapepeta mchele, mtoto amelala kwenye mkeka. Nikaweka kisu mbele yake.

"Mpe mtu mwingine, mama."

"Mwiko tena?"

"Sina mwiko. Sijawahi kuwa nao. Mama, mimi simwamini Mungu. Msikitini nilikuwa nakwenda kwa ajili yenu."

Ungo ukasimama.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna mtu kakufanyia kitu huko kwenye lami."

"Hakuna, mama."

Akawafukuza kuku waliokuwa wameshaanza kudonoa mchele. "Na hizo nyama usizokula?"

"Nawaonea huruma."

Akaguna. "Huruma unayo, Mungu huna. Hiyo huruma kakupa nani?"

Nikasema sijui. Ndiyo kweli, sijui. Nimeliwaza swali hilo njia nzima kutoka Chumbi, juu ya lori la kokoto, na bado sijui.

Akamwinua mtoto, akaingia ndani. Nikamsikia kutoka kule gizani, "Kesho usiwepo uani. Watu watauliza kwa nini huchinji, na mie sijui kusema uongo."

Hakunitukana. Hakuniambia nihame. Laiti angenitukana, ningejua pa kusimama.

Na sikumwokoa mbuzi. Hilo nisijisifie. Leo asubuhi jirani alikuja na kanzu yake kuchinja, nami nilikuwa natoka kwa nyuma ya nyumba. Mbuzi alinyoosha shingo kuufuata mkono wangu. Nikampa alambe, nikaondoka haraka.

Adhana imetoka sasa hivi. Mwenye duka amevaa kofia, anasema, "Ndugu yangu, nafunga, twende tukaswali, utaendelea baadaye." Nimemwambia atangulie. Ameniangalia. Kwa mara ya kwanza sikusema tumbo linauma wala nina safari. Nimesema siendi.

Nitarudi Chumbi jioni, watu wakishatawanyika. Tangu masika nimekuwa nikiingia nyumba ile bila hodi, kama mtoto wa mle ndani. Leo nitasimama nje na kupiga hodi kama mgeni. Kama ataniitikia, na ataitikiaje, hayo ni yake. Kusimama pale mlangoni ni kwangu.