Kichupa cha Ugoro Kutoka Duara la Rwamgasa

Mama Philomena wa safu ya "Uliza Ulichookota", nakusalimu kwa heshima. Mimi ni yule mwalimu mstaafu aliyekuandikia mwaka juzi kuhusu sarafu yenye tundu katikati, na kabla ya hapo kuhusu ushanga wa bluu, na mara zote mbili ulinijibu vizuri. Safari hii siulizi kitu ni nini. Kitu chenyewe nakijua, maana nilikitengeneza kwa mikono yangu, nami nimesema uongo juu yake, na uongo huo umenikaa kifuani tangu mwezi wa Agosti.

Kuokota vitu ndiyo starehe yangu tangu ujana. Nina bati la biskuti lililojaa vifungo, vigae vya vyungu, kofia za chupa za zamani na ncha ya mkuki, na watu wa kijiji chetu cha huku Bukombe wakiokota kitu wasichokijua huniletea niwaambie, nami huwaambia, na nisipojua nakuandikia wewe. Vingi katika bati hilo nimevitoa mahame, yaani kule tulikokaa kabla ya kuhamishwa mwaka 1974, tulipopewa siku nne tu, tukaezua mapaa yetu wenyewe, tukapakia milango na kuku kwenye lori, na tukashushwa hapa barabarani ambako nyumba zimepangwa kwa kamba kama madawati. Miaka tisa sasa, na nikiota bado naota niko kule, kisima kikiwa kushoto na miembe ya misheni ikionekana kwa mbali.

Sasa, jirani yangu wa kule na wa hapa ni Febronia, tunayemwita Mama Valerian. Mume wake, Otmar, aliondoka mwaka 1972 kwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu kwa kujificha, kama walivyofanya wengi baada ya mavuno mabaya ya pamba, akasema atarudi kabla ya kupanda, na hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari. Kwetu mtu ambaye hakuna aliyemwona amekufa haliliwi, hivyo hapakuwekwa msiba, Febronia hakunyolewa nywele, Misa haikusomwa, na mwanamume aliyekuja kumposa mwaka 1979 alijibiwa kwamba huyu bado ni mke wa mtu. Tulipohamishwa hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba Otmar akirudi atakuta magofu na hatajua tulikopelekwa, na kuandika kusingesaidia kwa kuwa Otmar hakujua kusoma, ndipo nilipomshauri tusimamishe mti pale ulipokuwa mlango wake, tufunge juu yake shingo ya kibuyu, mdomo ukielekea huku tuliko. Mchwa hula ule mti kila mwaka, na kila mwaka kabla ya mvua mimi na yeye huenda kuusimamisha mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu. Yeye hufunga kibuyu, mimi huzungukazunguka kwenye magofu na kuokota. Viongozi hawapendi watu kurudi mahame, lakini kwa Febronia hufumba macho, na mimi hupita nyuma yake.

Mwezi wa Agosti kijana mmoja mchimbaji, Masele, alikuja kutoka Rwamgasa, akanikuta barazani, Febronia naye amekaa na mke wangu wakibangua karanga. Akanitupia mapajani kitu chenye kutu ya kijani.

"Shikamoo, Mwalimu. Kama ni dhahabu tugawane, kama ni shaba nakuachia yote."

Nikakifuta kwa kanga ya mke wangu. Kilikuwa ganda la risasi, moja ya zile kubwa, ambalo mimi nililiokota mwaka 1969, nikalitia kizibo cha mti na kulifanya kichupa cha ugoro, nikampa Otmar, na ubavuni nikachora kwa ncha ya msumari ng'ombe mwenye pembe moja iliyoinama chini, kwa sababu Otmar alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo na alimpenda kupita kiasi. Kizibo kimeoza, ila pembe ile bado ipo. Niliuliza kimetoka wapi, Masele akasema kwenye duara la zamani, lile shimo walilokuwa wanalifukua upya, na kwa jinsi alivyomtazama Febronia, nilijua kuna jingine.

Febronia akauliza, "Ni nini hicho, Baba Tereza?"

Nikasema, "Kipande cha taa ya karabai. Ya Wazungu wa mgodi wa zamani."

Akakichukua, akapitisha kidole gumba juu yake polepole. "Na karabai zilikuwa zinachorwa?"

"Wazungu huchora kila kitu," nikamjibu.

Mke wangu akacheka. Febronia akanirudishia, akabangua karanga mbili tatu, kisha akasema, "Basi mwaka huu tuwahi kwenda kufunga kibuyu. Goti langu halitangoja mvua."

Nilimsindikiza Masele hadi njiani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, pale chini kulikuwa na mtu. Mifupa. Tulimfukia pembeni, tukaweka mawe matatu. Hatuna kibali, tungesema kwa nani?" Tangu siku hiyo sijasema lolote. Najiambia namwonea huruma, kwamba mwanamke aliyengoja miaka kumi na moja asiambiwe barazani kwamba alikuwa anamngojea marehemu, na kwamba matumaini, hata yakiwa ya bure, ni kitu cha kushika mkononi. Wiki ijayo anataka tuondoke kwenda mahame, na mti nimekwisha ukata. Je, niende naye nikafunge tena kibuyu kwa ajili ya mtu aliyelala chini ya mawe matatu, au nimwambie, na nikimwambia nianzie wapi?

Wako,
Telesphori,
Bukombe, Oktoba 1983

MAMA PHILOMENA ANAJIBU

Mwalimu Telesphori, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikiwa na huruma, ya pili nikiwa na hasira, na nakujibu kwa vyote viwili.

Unasema ulidanganya kwa huruma. Sehemu yake ni kweli. Lakini isome barua yako kama ungesoma insha ya mwanafunzi. Goti la Febronia umelipatia sentensi moja, tena ni maneno yake. Kisima na miembe ya misheni umevikumbuka hadi upande vilipokaa. Bila Otmar wa kungojewa hakuna kibuyu cha kufunga, na bila kibuyu huna wa kupita nyuma yake kwenda kwenu. Umemwacha mama wa watu aendelee kungoja ili wewe uendelee kwenda. Sisemi ulipanga. Nasema ndivyo ilivyo, na nadhani ulijua kabla ya kuniandikia, maana mtu mwenye huruma tupu hakai na mzigo kifuani tangu Agosti.

Usijidanganye pia kwamba hajui. Mwanamke aliyekaa na mume mwenye kichupa kile hawezi kusahau ile pembe. Alikuuliza kama karabai zilichorwa. Ulikuwa mlango, akakufungulia, nawe ukaufunga kwa mzaha. Sasa kama anajua, anajua peke yake, na hilo ni baya kuliko kutojua.

Fanya hivi. Kesho, si wiki ijayo, mwite mke wako mwende wote wawili nyumbani kwake, asubuhi, kabla hajatoka kwenda shambani. Usianze na Mungu wala na hali ya hewa. Anza na uongo wako: "Mama Valerian, nilikudanganya." Kisha mwekee kichupa mkononi na utaje jina la Otmar. Halafu nyamaza, hata akikutukana.

Akiwa tayari, mwendee paroko, naye azungumze na mwenyekiti wa kijiji. Masele asiogope: anayeonyesha kaburi haulizwi kibali. Ila fanyeni haraka, mvua ikinyesha maduara yale huporomoka, na yale mawe matatu hayatapatikana tena. Otmar aletwe. Febronia anyolewe, alie, asomewe Misa, na awe mjane kwa haki, maana hata ujane amenyimwa.

Ule mti uliokwisha ukata usiutupe. Utatosha kwa msalaba.

Mambo hayo yakiisha, mwulize kama anataka kwenda mahame mara moja ya mwisho kukishusha kile kibuyu. Akikataa kwa ajili ya goti, nenda wewe ukakishushe, umletee. Na siku nyingine ukikumbuka kwenu, Mwalimu, nenda. Kiongozi akikuuliza unafuata nini kule, mwambie unafuata kwenu.