Meli za Muteba Zimegeuka

Kolwezi, Jumapili mchana

Mama yangu,

Naanza na magoti yako. Bado yanakuuma asubuhi? Ile dawa ya kupaka ilifika Sandoa, au dereva aliipoteza njiani? Na paa la jikoni, upande ule unaovuja, nani amelitazama? Mimi mwilini ni mzima. Kolwezi ni vumbi na malori tu, kama ulivyoiacha baada ya mazishi.

Barua hii anaibeba Mjomba Muyeji. Najua ameketi hapo mbele yako, ameomba maji, na uso ameukunja. Tafadhali, Ruth aisome yote kabla Mjomba hajaeleza lake. Ruth, mdogo wangu, usiruke mahali.

Mama, tangu tumzike kaka Muteba situlii. Nashona mkono mmoja wa blauzi, naacha, natoka mlangoni, narudi bila kujua nilifuata nini. Naweka maji ya bukari jikoni, nasahau unga mpaka yanakauka. Kichwani naipanga upya ile wiki ya homa yake. Kama tungekwenda hospitali Jumatatu. Kama ningemkatalia aliposema ni malaria tu, itapita. Namtengenezea wiki nyingine, na nyingine, kisha nainua macho na kitanda chake kimetandikwa vilevile.

Ulipokuwa hapa uliniuliza ile ramani iliyo juu ya meza ya dirishani ni ya nini. Siku ile sikuweza kukujibu. Ni mchezo, Mama. Fundi mmoja wa Peru, aliyetengeneza pampu pamoja na Muteba, alimwachia alipomaliza mkataba wake. Ni vita ya baharini ya zamani. Hispania ilikuwa imekwisha kuzipoteza nchi zake za Amerika ya Kusini, kisha ikatuma meli za vita huko, zikakamata visiwa vya Peru vilivyojaa mavi ya ndege, kwa sababu yaliuzwa ghali kama mbolea. Peru na Chile zikaungana kupigana nayo.

Meli za karatasi zilipochakaa, Muteba aliweka vijiwe: vya kijani kwa Peru na Chile, vyeusi kwa Hispania. Kila Jumapili baada ya misa alicheza na Tata Kabeya, yule jirani wetu Mkasai, mstaafu wa reli, aliyekushika mkono makaburini.

Siku ya kwanza Tata Kabeya alicheka mpaka akakohoa. "Batu ya ajabu! Kupigana juu ya mavi ya ndege!"

"Na siye tunapiganaka juu ya majiwe ya migodi, Tata," Muteba akamjibu. "Majiwe haioteshe hata mboga ya lengalenga."

Vita ni ile ile, lakini kila Jumapili ilikwisha namna nyingine. Mara Hispania iliichoma bandari ya Callao huko Peru na kukaa. Mara Chile ilizifungia meli za Hispania kwenye visiwa vya kusini. Mimi nilikuwa nashona pembeni, nasikia Muteba akipuliza dadu kama mtu anayepoza kiazi cha moto. Siku zote alichukua Hispania, na Tata Kabeya hakuacha kumchokoza.

"Weye, mutoto ya Sandoa, juu ya nini kila siku unashikaka upande ya bakoloni?"

"Angalia fasi beko, kule mu bahari, Tata. Makaa ya meli inaisha, batu banagonjwa, kwabo ni mbali. Minatafuta namna ya kubarudisha."

Katika vita yenyewe, alinieleza, walipiga mizinga Callao mchana mzima, wakaondoka, na kila upande ukasema umeshinda.

Jumapili yake ya mwisho meli nyeusi zilikuwa zimesimama mbele ya Callao, na zamu ilikuwa yake. Akasikia baridi. Alisimama, akavaa ile sweta ya kijivu uliyomfumia, akatuambia, "Musiguse bahari. Nitarudia."

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Kilichoachwa nusu na marehemu humaliziwa na yule atakayepewa jina lake. Huyo hukalia kiti chake, huitwa kwa jina lake, mama wa marehemu huwa mama yake. Kabla ya hapo hakiguswi. Tata Kabeya si wa kwetu, lakini aliiheshimu. Kila Jumapili alikuja, akakisalimu kiti kitupu, akaitazama bahari, akanywa chai yake akaenda. "Mi niko na wakati," alisema.

Mjomba amekuja kupanga siku ya kuondoa kilio. Anasema jina atapewa Samba, binamu yetu wa Kisenge. Samba ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini leo, tuliporudi misani, Mjomba akaishika meza aitoe nje, wageni wapate nafasi. Vijiwe vikaanza kuteleza.

"Mjomba, acha!"

"Hii ni michezo ya batoto, Mwadi. Batakaa wapi batu?"

Tata Kabeya alikuwa anaingia, akamwambia Mjomba, "Tata, ile bahari iko na mwenyewe."

"Mwenyewe alikufa."

"Njo maana tunangoja mwingine."

Mama, sikupanga. Nilishtukia nimekaa kwenye kile kiti. Na mguu wangu, ambao siku hizi zote haujatulia hata kanisani, ulitulia.

"Simama," Mjomba akasema. "Unajua ile kiti ni ya nani?"

"Najua, Mjomba."

Nikavirudisha vijiwe mahali pake. Napajua, maana kila siku nimepapitia nikipangusa vumbi. Kisha nikaigeuza meli nyeusi ya kwanza kuelekea bahari kubwa, nikageuza ya pili, nikageuza zote.

Tata Kabeya akainama. "Unaenda bila kupiga hata bomu moya? Basi umepoteza mchezo."

"Nimepoteza, Tata. Lakini wote wazima. Wanarudi kwao."

Akavuta kiti chake, akaketi mbele yangu. "Muteba," akasema, "ulikawia sana."

Nililia, na yeye akalia. Mjomba aliiachia meza. Alisema tu kwamba mwanamke hawezi kupewa jina la kaka yake, na kwamba wewe ndiwe utakayeamua. Hilo la mwisho ni kweli.

Sitaki kitanda wala baiskeli wala redio, apewe Samba. Nataka jina tu, na kiti hiki siku ya Jumapili, ili mtu akimwita Muteba katika nyumba hii, aitike mtu. Ukikataa, nitasimama, na meza itatoka.

Nisalimie Shangazi anayeuza mihogo sokoni, na katekista aliyemfundisha Muteba kusoma, na mama jirani aliyelala nawe siku zile za kwanza. Ruth, ahsante kwa sauti yako.

Ukijibu, Mama, usijichoshe kwa maneno mengi. Juu ya bahasha andika jina unalotaka niitike, nitajua.

Mimi mtoto wako, hapa dirishani.